Anders Franzén, mhandisi wa mafuta aliyeitoa merikebu topeni baada ya miaka 333

Mdudu mmoja mdogo, anayefahamika kwa kila fundi wa majahazi kuanzia Lamu hadi Kilwa, ndiye aliyempa Anders Franzén jina lake duniani. Na alimpa jina hilo kwa kutokuwepo.

Mdudu mwenyewe ni yule mnyoo wa baharini anayetoboa mbao. Wataalamu wanasema si mnyoo, ni jamaa wa chaza aliyerefuka mwili na kubakiwa na kipande kidogo cha gamba kichwani, nacho hukitumia kama keekee. Mwenye jahazi kwenye pwani yetu anamwogopa kuliko mwamba. Ndiyo maana chombo hupandishwa ufukweni, kikasuguliwa na kupakwa deheni, yaani mchanganyiko wa chokaa na mafuta, ili mdudu asipate pa kuingilia. Chombo kikizama Bahari ya Hindi, mbao zilizobaki wazi juu ya mchanga huliwa zikaisha katika muda wa miaka michache. Hubaki mizinga, nanga, mitungi na mawe ya farumi.

Franzén alikuwa Mswidi, na Uswidi iko mbali na majahazi. Alizaliwa jijini Stockholm tarehe 23 Januari 1918. Utotoni alikuwa akipelekwa likizo upande wa Dalarö, kwenye visiwa vilivyo nje ya jiji hilo, mahali ambapo njia ya meli hupita kati ya miamba. Eneo hilo lina merikebu za vita zilizozama tangu karne ya 17, na wakazi wake walikuwa wakizizungumzia kama watu wa Kilwa wanavyozungumzia magofu yao. Mojawapo ni Riksäpplet, iliyopotea mwaka 1676. Franzén alipokuwa mtoto, kulikuwa na biashara ya ajabu iliyotokana na merikebu hizo: mbao za mwaloni zilizokaa majini mamia ya miaka hugeuka nyeusi kama mpingo, na mafundi wa samani walizitaka. Waopoaji walilipua mabaki kwa baruti, wakatoa mbao na kuziuza. Bei ilikuwa nzuri. Kilichoharibika hakikuhesabiwa na mtu.

Mwaka 1939, akiwa kijana wa miaka 21, Franzén alikuwa pwani ya magharibi ya Uswidi, upande unaotazama bahari kuu. Huko aliona kipande cha ubao wa merikebu kilichotobolewa matundu kama sega la nyuki. Wengi wangekipita. Yeye kilimshtua, kwa sababu katika miaka yote aliyocheza kwenye visiwa vya Stockholm, upande wa mashariki, hakuwahi kuona ubao uliotobolewa namna ile. Aliuliza, akasoma, akapata jibu. Mnyoo yule anahitaji maji yenye chumvi ya kutosha. Bahari ya Baltiki, inayopokea mito mingi na kuunganishwa na bahari kuu kwa mlango mwembamba, ina chumvi kidogo mno. Maji ya Bahari ya Hindi yana chumvi takriban sehemu 35 katika kila 1,000. Karibu na Stockholm hazifiki hata 7. Mnyoo haishi hapo.

Kutoka hapo hesabu ilikuwa rahisi, ingawa hakuna aliyekuwa ameipiga kwa makini kabla yake. Kama mdudu hayupo, basi kila merikebu ya mbao iliyozama Baltiki katika karne zilizopita huenda ingali pale chini, nzima, na mbao zake zote. Dunia ina sehemu chache sana za namna hiyo.

Vita Kuu ya Pili ilipita. Franzén aliajiriwa kama mhandisi katika idara ya jeshi la majini, na kazi yake ilikuwa mafuta ya meli. Hakuwa mwanahistoria wa kulipwa wala hakusomea akiolojia. Jioni, mwisho wa wiki na wakati wa likizo alikaa kwenye nyaraka za serikali, akatengeneza orodha ya merikebu 12 ambazo aliona zinafaa kutafutwa. Moja katika orodha hiyo ilikuwa Vasa, na hiyo ndiyo iliyomnyima usingizi, kwa kuwa ilizama ndani ya bandari ya Stockholm kwenyewe, mbele ya macho ya watu.

Inafaa kusimama hapa kidogo tueleze Vasa ilikuwa nini. Mwanzoni mwa karne ya 17, mfalme Gustav II Adolf wa Uswidi alikuwa vitani na Poland na alitaka merikebu za kuwatisha maadui. Kazi alipewa fundi wa Kiholanzi, Henrik Hybertsson. Ujenzi wa Vasa ulianza mwaka 1626. Hybertsson aliugua, akafariki mwaka 1627 kazi ikiwa bado, na ujenzi ukaendelezwa na msaidizi wake Hein Jakobsson. Uendeshaji wa biashara ya karakana, pamoja na mikataba, ulishikwa na mjane wake, Margareta Nilsdotter. Akina mama wanaosoma gazeti hili wakisubiri kugongewa mihuri mpakani hawatashangaa kwamba miaka 400 iliyopita mwanamke aliendesha karakana kubwa ya merikebu. Walioandika historia walichelewa kumtaja.

Merikebu ilitoka nzuri na ndefu, mita 69 ukipima na mlingoti wa mbele, na ilifika mita 52 kutoka mkuku hadi ncha ya mlingoti mkuu. Ilibeba mizinga 64 ya shaba nyeusi, katika safu mbili, moja juu ya nyingine. Shetri yake ilijaa sanamu za simba, wafalme wa kale na mashujaa, zimepakwa rangi kali. Tatizo lilikuwa moja: uzito mwingi ulikaa juu na nafasi ya farumi chini ilikuwa ndogo. Ziliwekwa tani 120 hivi za mawe. Hazikutosha, na zaidi ya hizo zingeifanya izame hadi madirisha ya mizinga ya chini yakaribie maji.

Watu walijua. Kabla ya safari, ikiwa ingali imefungwa gatini, mabaharia 30 waliamriwa wakimbie kwa pamoja kutoka ubavu mmoja hadi mwingine, ili ionekane kama merikebu inasimama imara. Baada ya mizunguko mitatu jaribio lilisimamishwa kwa hofu kwamba ingepinduka palepale. Admirali Klas Fleming alikuwepo. Lakini mfalme, aliyekuwa mbali vitani, alikuwa akituma barua za kuharakisha, na hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba merikebu yake haifai.

Jumapili ya tarehe 10 Agosti 1628 Vasa ikaondoka. Ndani walikuwemo mabaharia na baadhi ya wake na watoto wao, walioruhusiwa kusindikiza kipande cha kwanza cha safari. Upepo ulikuwa mdogo. Ilisafiri mita 1,300 hivi, kikaja kishindo cha upepo, ikalala ubavu. Madirisha ya mizinga yalikuwa wazi kwa sababu ya saluti, maji yakaingia, ikazama na bendera zake. Watu wapatao 30 walikufa. Likafanyika baraza la uchunguzi. Nahodha alihojiwa, mafundi wakahojiwa, vipimo vikaonekana vilikubaliwa na mfalme mwenyewe, fundi mkuu alishakufa. Hakuna aliyeadhibiwa.

Kwetu sisi wa maziwa makuu, habari ya chombo kilicholemewa juu haisomwi kama hadithi ya mbali. Asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilipinduka ikiwa imekaribia Mwanza, na mamia ya watu wakafa. Kila anayepanda boti leo kutoka Kigoma, Bukoba au Port Bell anajua kutazama kwanza magunia yamepangwa wapi. Haya yasemwe tu, kisha turudi Uswidi.

Baada ya kuzama, wengi walijaribu kuiinua Vasa wakashindwa. Mwaka 1664 Albrecht von Treileben na wenzake walishuka kwa chombo mfano wa kengele kubwa ya risasi. Mzamiaji alisimama ndani yake, maji yakimfika kifuani, akipumua hewa iliyonaswa juu ya kichwa chake, huku akifanya kazi kwa mti mrefu wenye kulabu gizani. Kwa njia hiyo walitoa mizinga zaidi ya 50, kazi ambayo hata mzamiaji wa leo angeiheshimu. Mizinga ilikuwa mali, ikauzwa. Merikebu yenyewe haikuwa na thamani tena kwa mtu, na watu wakasahau hata mahali ilipo.

Miaka ya 1950 Franzén akaanza kuitafuta. Alitumia mashua yake, ramani, kamba zenye kulabu na wakati wake mwenyewe. Misimu ya kiangazi ilipita akiburuta kulabu kwenye sakafu ya bandari na kupandisha majiko mabovu ya chuma, baiskeli na takataka nyingine za jiji. Profesa Nils Ahnlund, mwanahistoria, alimpa fununu ya upande wa kuanzia. Lakini msaada mkubwa ulitoka kwenye karatasi. Katika nyaraka Franzén alikuta barua ya tarehe 12 Agosti 1628, siku 2 baada ya ajali, ambayo baraza la utawala lilimwandikia mfalme kumweleza msiba. Barua ilitaja kisiwa kidogo cha Beckholmen, na kina cha pima 18.

Sasa, ramani ya sakafu ya bandari ilionyesha nundu karibu na Beckholmen. Franzén alikuwa ameiona, akaiuliza, akaambiwa ni kifusi cha mawe kilichotupwa wakati gudi la kutengenezea meli lilipochimbwa kisiwani. Akaiacha. Barua ilimrudisha palepale. Alitengeneza chombo kidogo cha kutupwa majini, kizito, chenye mdomo wa bomba la chuma lililo wazi katikati. Kikidondoka kwenye tope hurudi na tope. Kikidondoka kwenye jiwe hurudi kitupu. Tarehe 25 Agosti 1956 kilirudi na kipande cha mwaloni mweusi, laini kidogo, chenye ukubwa wa kizibo. Alisogeza mashua mita kadhaa, akatupa tena: mwaloni. Akasogeza tena, mwaloni tena. Kitu chenye urefu wa merikebu kilikuwa kimelala pale chini.

Siku chache baadaye jeshi la majini lilimshusha mzamiaji wake mkuu, Per Edvin Fälting. Kina ni mita 32 na maji ya bandari ile ni giza tupu, kwa hiyo Fälting hakuona chochote. Alitambaa kwenye tope mpaka mikono ikagusa ukuta wa mbao. Akapanda nao akipapasa, akakuta tundu la mraba. Akapapasa, akakuta lingine. Alipofika safu ya pili ya matundu juu ya ile ya kwanza, waliokuwa mashuani wakimsikiliza kwa simu ya kamba walifahamu mambo yamekwisha, kwa kuwa si merikebu nyingi zenye safu mbili za mizinga zilizozama mahali hapo.

Ugunduzi ulifanya gazeti zinunuliwe, lakini mtu haombi fedha za kuinua kitu cha tani mamia kwa kipande cha mwaloni. Hapa ndipo kipaji cha pili cha Franzén kilipoonekana, na kwa maoni ya mwandishi huyu ndicho kilichookoa merikebu zaidi ya kile cha kwanza. Alikuwa mshawishi. Alizunguka ofisi za jeshi, makumbusho, kampuni na vyombo vya habari. Mfalme wa wakati huo, Gustaf VI Adolf, alipenda akiolojia na akaunga mkono. Kampuni ya uopoaji ya Neptun ilikubali kutoa vyombo vyake bila malipo. Jeshi likatoa wazamiaji. Mapendekezo ya watu wa kawaida nayo yalimiminika: mmoja alitaka merikebu igandishwe iwe donge la barafu lielee lenyewe, mwingine alishauri ijazwe mipira midogo ya tenisi ya mezani.

Njia iliyochaguliwa ilikuwa ya zamani lakini ngumu. Wazamiaji walitakiwa kuchimba mahandaki 6 chini ya mkuku, kutoka ubavu mmoja hadi mwingine, kisha kupitisha nyaya nene za chuma ziwe kama machela. Walichimba kwa mipira ya maji yenye kasi kubwa. Mzamiaji alivaa suti nzito na kofia ya shaba, akaingia kwa tumbo katika tundu la tope, giza totoro, juu yake merikebu yenye tani za mawe ndani, na uhai wake ukining'inia kwenye mpira wa hewa. Kazi hiyo ilianza mwaka 1957 na kumalizika 1959. Fälting mwenyewe aliongoza. Majina ya wengine waliochimba hayatajwi sana, ingawa bila wao Franzén angebaki na kizibo chake cha mwaloni.

Agosti 1959 matishali mawili, Oden na Frigg, yalisimama juu ya Vasa. Yalijazwa maji yakashuka, nyaya zikakazwa, kisha maji yakapigwa pampu yakatoka. Matishali yalipopanda, Vasa ikang'oka kutoka kwenye tope. Ilisogezwa kidogo kidogo kuelekea maji mafupi zaidi, mara 18, hadi ikafika kina cha mita 16 karibu na kisiwa cha Kastellholmen. Haikukatika.

Hapo ilikaa mwaka mmoja na nusu, na watu wengi hawaelezwi sehemu hii. Misumari na parafujo za chuma zilizoishika zilikuwa zimeliwa na kutu, kila moja ikaacha tundu. Wazamiaji waliziba maelfu ya matundu hayo kwa vigingi, wakafunga madirisha ya mizinga kwa mifuniko, wakakarabati shetri iliyobomoka na kupitisha vyuma vipya mahali pa vilivyooza. Ni kalafati ya chini ya maji, kwa chombo cha zaidi ya miaka 300. Tarehe 24 Aprili 1961 Vasa ikachomoza juu ya maji mbele ya kamera za televisheni. Pampu ziliwashwa, na mwanzoni mwa Mei ikaelea kwa mkuku wake yenyewe hadi ndani ya gudi.

Wanaakiolojia wakiongozwa na Per Lundström waliingia humo na ndoo na mipira ya maji, wakaanza kuondoa tope sakafu kwa sakafu. Kila kitu kilipewa namba na mahali kilipotoka kukaandikwa, maana kijiko kisichojulikana kilikuwa sanduku la nani hakisemi mengi. Walitoa viatu, nguo, kofia, zana za seremala, ubao wa mchezo wenye kete zake, chombo chenye siagi, na sarafu za shaba zipatazo 4,000. Tanga 6 zilikuwa bado zimekunjwa stoo. Kulikuwa na mifupa ya watu. Vipande vya mbao vilivyokuwa vimebanduka vilizidi 14,000, kati yake sanamu 700, na kwa miaka mingi mafundi waliviunganisha kama mtu anayerudisha mtungi uliovunjika sokoni, bila picha ya kuonyesha ulivyokuwa.

Tatizo kubwa lilikuwa limeanza siku ileile ya furaha. Mbao zilizokaa majini miaka 333 zimejaa maji hadi ndani ya chembe zake. Zikiachwa zikauke zenyewe, husinyaa, hupasuka, hukunjamana, na mwisho wake ni kuni. Aliyewahi kununua mihogo mibichi Arusha akaiuza Nairobi siku ya nne anaelewa kidogo. Kwa hiyo Vasa ilinyunyiziwa maji usiku na mchana, na tangu mwaka 1962 maji hayo yalichanganywa na kemikali iitwayo polietilini glikoli, kwa kifupi PEG. Ni kitu kama nta kinachoyeyuka majini, na hutumika pia katika dawa za kupaka na vipodozi. Polepole kinaingia ndani ya ubao, maji yanatoka, na chembe zinabaki zimeshikiliwa. Hakuna aliyekuwa amewahi kufanya hivyo kwa kitu kikubwa kiasi hicho. Kazi ya kunyunyizia ilichukua miaka 17, hadi 1979. Kukausha kukaendelea hadi mwishoni mwa miaka ya 1980.

Ukitaka kujua ukubwa wa gharama hiyo, tazama lililotokea Mombasa. Merikebu ya Kireno Santo António de Tanná, iliyojengwa India na kuzama mbele ya Fort Jesus mwaka 1697 wakati ngome imezingirwa na Waomani, ilichimbuliwa na wanaakiolojia wa chini ya maji kati ya 1977 na 1980. Sehemu ya chini ya merikebu ilikuwa imesalia kwa sababu ilifukiwa na tope, na mnyoo hapenyi topeni kusiko na hewa. Wataalamu waliipima, wakaichora, wakapandisha maelfu ya vitu ambavyo sehemu yake unaweza kuviona Fort Jesus. Merikebu yenyewe waliifunika tena kwa mchanga wakaiacha. Haikuwa uvivu. Merikebu inayopandishwa bila fedha za miaka 20 mbele huwa imeuawa, na chini ya mchanga angalau inasubiri.

Kuna mfano mwingine ulio karibu zaidi na wasafiri wa Ziwa Tanganyika. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha makusudi meli yao Graf von Götzen karibu na mdomo wa mto Malagarasi, baada ya kupaka mitambo yake grisi nyingi. Waingereza waliiinua mwaka 1924, mitambo ikakutwa inafaa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Chuma na grisi kwenye maji baridi ni jambo jepesi kuliko mwaloni wa karne ya 17. Lakini hesabu ni ileile aliyopiga Franzén: usitazame tu kilichozama, tazama pia maji kilimozama.

Franzén hakuishia Vasa. Aliendelea na orodha yake. Iliyomsumbua zaidi katika uzee ilikuwa Kronan, merikebu kubwa zaidi, iliyopinduka na kulipuka tarehe 1 Juni 1676 katika mapigano karibu na kisiwa cha Öland, ikafa na watu wapatao 800. Aliitafuta kwa miaka mingi, mwisho akitumia vyombo vya kupima kwa sauti na vya kunusa chuma, na Agosti 1980 yeye na wenzake wakaipata kwenye kina cha mita 26. Safari hii hakuna aliyefikiria kuiinua nzima. Baruti ilikuwa imeivunja, na Uswidi ilikuwa imeshajua bei. Kronan inachimbuliwa hapohapo chini, kiangazi baada ya kiangazi, chini ya makumbusho ya Kalmar. Mwaka 1982 wazamiaji walikuta ndani yake sarafu za dhahabu 255, za nchi na miji mbalimbali. Mfanyabiashara wa mpakani anayetembea na fedha za nchi tatu mfukoni hatashangazwa na mchanganyiko huo.

Tarehe 15 Juni 1990 jengo jipya la makumbusho ya Vasa lilifunguliwa Stockholm, limejengwa kuizunguka merikebu yenyewe. Zaidi ya asilimia 95 ya mbao zilizomo ni zile za mwaka 1628. Franzén aliwahi kuiona siku hiyo. Alifariki Desemba 1993, akiwa na miaka 75.

Hakuona yaliyofuata. Mwaka 2000, baada ya kiangazi chenye mvua nyingi na wageni wengi waliolowa, unyevu wa hewa ndani ya jengo ulipanda, na wahudumu wakakuta unga wa rangi ya njano na nyeupe juu ya mbao. Ilikuwa dalili ya asidi. Bandari ya Stockholm ilipokea maji machafu ya jiji kwa karne nyingi, na uchafu ule ulimaliza hewa chini, jambo lililosaidia kuzuia mbao zisioze. Lakini vijidudu vya humo vilitoa gesi ile yenye harufu ya yai viza, salfa yake ikaingia ndani ya ubao, ikakutana na kutu ya misumari ya zamani. Salfa ikipata hewa na kutu hugeuka asidi ya salfuriki, asidi ya betri ya gari, ndani ya mwaloni.

Mitambo ya hewa ilibadilishwa ili unyevu usipande wala kushuka. Kati ya 2011 na 2018 mafundi walichomoa parafujo zaidi ya 5,000 za chuma zilizowekwa miaka ya 1960, moja baada ya nyingine, na kuweka za chuma maalumu kisichoshika kutu. Merikebu pia inalala kwa uzito wake, takriban milimita moja kwa mwaka, kwa sababu machela inayoishikilia haikutengenezwa kwa kukaa muda mrefu hivyo. Sasa inaundiwa machela mpya ya chuma, na wapimaji wanaendelea kupima ubao wake kwa mwanga wa leza, alama baada ya alama, huku wageni wakipita chini yake.